Chumba Kimoja na Watu Watano: Mwongozo wa Kutengeneza Filamu ya Kutisha ya Kisayansi kwa Fedha Kidogo

Mwaka 1997, kwenye tamasha la filamu la Toronto, mwongozaji wa Kanada aitwaye Vincenzo Natali alionyesha filamu yake ndefu ya kwanza, Cube, inayosimulia habari za watu wasiojuana wanaozinduka ndani ya jengo la ajabu lenye vyumba vya umbo la mchemraba, ambavyo baadhi yake vimetegwa mitego ya kuua. Kwa hesabu ya hadithi yenyewe, jengo hilo lina vyumba 17,576, yaani 26 mara 26 mara 26. Mahali waliporekodia palikuwa na chumba kimoja tu kamili, chenye upande wa futi 14, pamoja na kipande cha chumba cha pili kilichotumika pale mhusika anapochungulia kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Bajeti ilikuwa takribani dola 350,000 za Kanada, ambazo kwa wengi wetu bado ni fedha nyingi, lakini kanuni iliyofanya chumba kimoja kiwe vyumba maelfu haibadiliki hata fedha zikipungua mara hamsini.

Mwongozo huu umekusudiwa mtu mwenye kamera moja, kikosi kisichozidi watu kumi, na nia ya kutengeneza filamu ya watu waliofungiwa pamoja bila kujua kwa nini. Nitarejea Cube mara kwa mara na nitataja hata sehemu zake za mwisho, kwa hiyo asiyependa kusimuliwa aitazame kwanza. Maoni yangu, ambayo hatua zote zitayafuata, ni kwamba katika aina hii ya filamu hofu hutoka kwenye sheria ya mahali, ile ambayo mtazamaji anaweza kujifunza na kuihesabu pamoja na wahusika. Zimwi ni ghali na huchakaa likionekana mara mbili. Sheria huandikwa kwa kalamu.

Hatua ya kwanza: Tafuta chumba kabla ya kutafuta hadithi

Watengenezaji wengi huandika kwanza, kisha huzunguka mjini wakitafuta mahali panapofanana na walichoandika, na hapo ndipo fedha huanza kuvuja. Anza kwa kuuliza ni mahali gani unaweza kupata kwa siku kumi na tano mfululizo bila kufukuzwa, penye umeme wa uhakika, na ambapo utaruhusiwa kupaka rangi na kupigilia misumari. Kontena la futi 40, darasa wakati wa likizo, kisima cha maji kilichokauka, chumba cha kuhifadhia faili: kila kimoja kati ya hivi kina hadithi yake tayari, na utaipata haraka zaidi ukiwa umekaa ndani yake.

Kigezo kinachosahaulika ni kelele, na mimi nilijifunza hilo kwa gharama. Filamu yangu fupi ya kwanza ya aina hii niliirekodi kwenye ghala la kupanga lenye paa la mabati, ambalo nililikagua saa moja asubuhi pakiwa pametulia kabisa. Siku ya kurekodi, ilipofika kama saa nne na jua kupanda, mabati yalianza kutanuka na kulia, tak, tak, tak, bila mpangilio wowote, na hayakunyamaza hadi alasiri. Siku ya tatu mvua nayo ikaongezea lake. Mwenye ghala alikuwa ameniapia kwamba hapo pana utulivu, na kwa saa ile aliyonipeleka alikuwa anasema kweli. Tangu hapo hukagua mahali mara tatu, yaani saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, na kila mara hukaa kimya kwa dakika tano nikirekodi kwa simu, kisha nikaenda kusikiliza nyumbani.

Hatua ya pili: Andika sheria ya mahali kwa sentensi moja

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda mwingi kuliko zote. Sheria nzuri ina sifa kadhaa: inasemeka kwa sentensi moja, mhusika anaweza kuijaribu kwa vitendo mbele ya kamera, matokeo yake yanaonekana au kusikika bila maelezo, na kuitii kunamlazimisha mtu amdhuru au amtegemee mwenzake.

Tazama jinsi Cube inavyofanya. Kwenye upenyo kati ya chumba na chumba kuna namba tatu za tarakimu tatu tatu. Leaven, msichana mwanafunzi wa hisabati, anahisi kwamba chumba chenye namba tasa ni chumba chenye mtego. Wanalijaribu wazo hilo, linafanya kazi, na wanaanza kuliamini, na mtazamaji naye analiamini kwa sababu ameliona likifanya kazi kwa macho yake. Kisha chumba kilichopaswa kuwa salama kinawageuka. Sheria haikuwa ya uongo, ila ilikuwa pungufu: kumbe hata namba ambazo ni vipeo vya namba tasa, yaani namba tasa iliyozidishwa kwa yenyewe mara moja au zaidi, zina mtego, na hesabu hiyo ni kubwa mno kwa kichwa cha Leaven lakini nyepesi kwa Kazan, kijana ambaye wengi kundini walikuwa wanamwona kuwa mzigo. Kwa njia hiyo uvumbuzi mmoja wa hisabati unabadilisha thamani ya mtu ndani ya kundi. Hakuna fedha iliyotumika hapo isipokuwa ya kuchonga namba kwenye kibati.

Filamu ya Marekani ya mwaka 2015 iitwayo Circle ina sheria fupi zaidi: watu 50 wamesimama katika duara ndani ya chumba cheusi, na kila baada ya dakika mbili mmoja wao huuawa na mtambo ulio katikati, isipokuwa kwamba wao wenyewe wanagundua kuwa wanaweza kupiga kura ni nani afe. Mara tu mtazamaji anapoielewa kura, hahitaji tena kutishwa na chochote kingine.

Ili mwongozo huu usibaki hewani, nitatumia mfano wa kubuni hadi mwisho. Watu watano wako ndani ya chumba kilichozibwa. Ukutani kuna geji moja yenye mshale, na mshale huo unaonyesha hewa iliyobaki. Wanagundua kwamba kila mtu anaposema uongo, mshale unashuka. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, inayotosha kubeba nusu ya filamu, kwa sababu watu wasiojuana jambo lao la kwanza ni kujitambulisha, na ni wachache wanaojitambulisha bila kujipamba. Sheria ya pili, iliyofichwa chini ya ile ya kwanza, ni kwamba mshale haushuki kwa sababu mtu amedanganya, unashuka kwa sababu mwingine ameamini. Wakijua hilo, kuendelea kuishi kutawadai wasiaminiane kabisa, huku njia ya kutoka ikiwadai washirikiane.

Andika sheria yako, kisha andika iliyo chini yake. Kama huna ya pili, una filamu fupi ya dakika kumi na tano, na hilo si jambo la aibu. Natali mwenyewe alikuwa ametengeneza kwanza filamu fupi ya watu waliokwama kwenye lifti.

Hatua ya tatu: Chagua watu ambao sheria hiyo itawaumiza

Watano au sita wanatosha. Kila mmoja awe na ujuzi mmoja ambao kundi linauhitaji na haja moja inayolihatarisha, na vitu hivyo viwili visitengane: yule mwenye ujasiri wa kuongoza ndiye atakayekataa kuachia uongozi. Katika Cube, Quentin ni polisi, na kwa nusu ya kwanza tunashukuru kwamba yupo. Worth, mtu mkimya asiyejali, anakuja kukiri kwamba alihusika kusanifu ganda la nje la jengo hilo bila kujua ni la nani wala la kazi gani, na ungamo hilo linatisha kuliko mitego yote kwa sababu linafanana na kazi za ofisini tunazozifahamu. Hata majina yao ni ya magereza: Quentin ni San Quentin ya California, Holloway ni gereza la wanawake lililokuwa London, Kazan ni la Urusi, na Leaven na Worth wakiunganishwa wanakuwa Leavenworth ya Kansas. Mtazamaji si lazima alijue hilo, ila mwandishi aliyejiwekea utaratibu wa namna hiyo mara nyingi huandika kwa nidhamu zaidi.

Hapa mwandishi wa Kiswahili ana mtaji ambao wenzake hawana, na nasikitika kuona tunauacha. Filamu za Magharibi za aina hii huanza kwa watu kukaripiana, “Wewe ni nani?” Waswahili watano wakizinduka ndani ya chumba kilichofungwa watasalimiana. Watatafuta umri wa kila mmoja kwa macho, watajua nani wa kumwamkia, nani wa kumwita kaka, nani mama, nani bosi. Ndani ya dakika mbili kundi litakuwa limejipanga kama familia ya muda, bila mwandishi kueleza lolote, na mpangilio huo ndio utakaobomoka mbele yetu. Tazama mazungumzo haya ya ukurasa wa tatu:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Habari yako?”

“Salama tu.”

Kijana anayesema “salama tu” anavuja damu kwenye goti. Ukurasa wa arobaini atamwambia, “Mzee, sogea.” Ukurasa wa sitini, “We, sogea.” Baada ya hapo hatasema neno, atamsukuma tu. Kwa masikio yetu, kupotea kwa “mzee” ni kishindo kikubwa kuliko mlipuko, na mwigizaji mzuri atakifanya kisikike bila kupandisha sauti. Kwa hiyo, kabla hujaandika ukurasa wa kwanza, chora jedwali la nani anamwitaje nani mwanzoni, katikati na mwishoni. Usiache hata jozi moja.

Epuka wahusika wa mkebe: mhubiri mnafiki, tajiri mwenye sigara, binti wa kupiga mayowe. Hao mtazamaji anajua watakufa kwa mpangilio gani.

Hatua ya nne: Panga mswada kwa uvumbuzi

Ukurasa mmoja wa mswada ni takribani dakika moja ya filamu, na filamu ya aina hii haipaswi kupita dakika 85, kwa kuwa chumba kimoja huchosha. Gawanya hadithi kwa yale ambayo wahusika wanayajua: kila baada ya dakika nane hadi kumi lazima wajue jambo ambalo hawakulijua, na jambo hilo libadilishe wanachokifanya. Mtu akifa bila sheria kueleweka zaidi, kifo hicho kimepotea bure.

Panda dalili ya sheria ya pili mapema, mahali pa wazi. Katika mfano wetu, rudi kwenye ile “salama tu”. Ni uongo mtupu, goti linavuja damu, na mshale ukutani haukutikisika. Haukutikisika kwa sababu hakuna aliyeuamini, kwani katika lugha yetu jibu la salamu halichukuliwi kama taarifa ya afya. Mtazamaji ameiona dalili hiyo dakika ya tatu, na dakika ya hamsini na tano mhusika mmoja atakapoikumbuka, ukumbi wote utakuwa umeikumbuka naye.

Usieleze nani aliyejenga mahali hapo. Cube haisemi hadi mwisho, na ndiyo sababu watu bado wanabishana juu yake. Mtazamaji anastahili kuielewa sheria kikamilifu, lakini akiletewa mwenye sheria, mzee wa koti jeupe anayehutubia kwenye kioo cha televisheni, basi hofu yote inageuka kuwa malalamiko dhidi ya mtu mmoja.

Hatua ya tano: Jenga chumba kinachofunguka

Hata ukipata chumba halisi, mara nyingi ni bora kujenga chumba ndani ya chumba, kwa kuwa kamera inahitaji nafasi ya kurudi nyuma na ukuta wa saruji hauondoki. Plaiwudi huuzwa kwa vipande vya futi 8 kwa 4, kwa hiyo sanifu kwa vizidisho vya futi 4 ili usikate na kutupa. Chumba cha futi 12 kwa 12 chenye kimo cha futi 8 kinahitaji vipande vitatu kila ukuta, yaani kumi na viwili kwa kuta nne, na vitano kwa dari, ambapo utabakiwa na nusu kipande. Kila ukuta upigiliwe kwenye fremu yake ya mbao, na fremu zishikane kwa bolti na nati, zisishikane kwa misumari, ili fundi aweze kung'oa ukuta wowote kwa dakika chache, kamera ikae pale ulipokuwa, kisha urudishwe.

Cube ilikuwa na mlango mmoja tu ulioweza kubeba uzito wa mwigizaji. Mingine yote ilikuwa ya kuonekana. Weka fedha kwenye mlango mmoja, uwe mzito kwa macho na kwa sauti, na upange kamera zako kuuzunguka.

Rangi ndiyo itakayokuzidishia vyumba. Walichofanya Toronto, ilikorekodiwa Cube, ni kutia kwenye kuta paneli zinazopitisha mwanga na kubadilisha jeli za rangi, yaani plastiki nyembamba za kutia mwanga rangi, nyuma yake, chumba kile kile kikawa chekundu, kibluu, kijani. Walikusudia rangi sita, fedha zikatosha tano, na hakuna mtazamaji aliyelalamika. Kwetu, mikanda ya taa za LED nyuma ya plastiki nyeupe isiyoonyesha, au hata karatasi ya kuokea mikate iliyonyooshwa vizuri, hutoa mwanga laini wa kutosha. Angalizo moja la kiufundi: umeme wa gridi katika Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya sekunde 1/50, vinginevyo taa za bei nafuu zitapepesa kwenye picha na utaligundua hilo ukiwa kwenye uhariri. Zijaribu taa zako usiku mmoja kabla.

Geji ya mfano wetu ilivyo rahisi inafaa kuelezwa. Nunua geji kuukuu ya kompresa kwa wauza vipuri, fungua kioo, toa springi ili mshale uwe mlegevu, kisha toboa tundu nyuma na upitishe mshipi mwembamba wa kuvulia samaki uliofungwa kwenye kitako cha mshale. Mtu mmoja akae nyuma ya ukuta akiwa na mswada mkononi na avute mshipi kwa wakati wake. Usiuache mshale uongezwe kwa kompyuta baadaye. Waigizaji wakiuona ukishuka kweli, macho yao yatafanya kazi ambayo huwezi kuielekeza kwa maneno. Na mtu huyo wa nyuma ya ukuta, mara moja moja, avute mahali ambapo mswada hausemi. Utapata nyuso ambazo hukuziandika.

Mlango wa seti usifungwe kwa komeo la kweli hata siku moja. Chumba cha plaiwudi chenye taa na watu watano kina joto kali, kwa hiyo acha dari wazi pale ambapo kamera haiangalii, weka kizimamoto karibu, na kila baada ya dakika arobaini watu watoke nje wanywe maji.

Hatua ya sita: Weka fedha kwenye sauti

Mtazamaji husamehe picha yenye chembechembe, lakini sauti mbovu humwondoa kwenye chumba. Kuta za plaiwudi hurudisha mwangwi wa kisanduku, kwa hiyo tundika mablanketi mazito nyuma yake na juu ya dari, na uweke zulia chini pale ambapo miguu haionekani. Jenereta ikae mbali, nyuma ya jengo lingine. Kila siku, baada ya shoti ya mwisho, rekodi sauti ya chumba kitupu kwa dakika nzima watu wote wakiwa kimya, kwa sababu mhariri ataihitaji kuziba mianya.

Kisha fikiria tukio ambalo sauti ndiyo hadithi yenyewe. Katika Cube kuna chumba ambacho mtego wake huamshwa na sauti, na wahusika hawana njia nyingine ila kukipita. Wanapita mmoja mmoja, wakishuka na kupanda bila neno, na pamoja nao yuko Kazan, ambaye hawezi kuahidi ukimya. Kwa dakika kadhaa hakuna muziki wala maneno, kuna viatu kwenye chuma na pumzi zilizobanwa, na ukumbi mzima unaacha kutafuna bisi. Tukio hilo lilihitaji chumba kile kile kilichokwisha kulipiwa. Kila filamu ya aina hii inapaswa kuwa na tukio moja la namna hiyo. Katika mfano wetu litakuwa lile ambapo wote watano wamekubaliana kutosema lolote ili kuokoa hewa, na mmoja wao anaanza kulia, nasi tunasubiri kuona kama kilio kinaweza kuwa uongo.

Hatua ya saba: Fanya mazoezi, kisha panga ratiba kwa rangi

Kubadilisha rangi ya chumba kunakula muda, ndiyo maana Cube haikurekodiwa kwa mtiririko wa hadithi: walimaliza matukio yote ya rangi moja kabla ya kwenda nyingine. Utaratibu huo unaokoa siku, lakini unawatesa waigizaji, maana asubuhi mtu anakufa na mchana anaamka kwa mara ya kwanza. Dawa yake ni mazoezi ya wiki mbili kwa mtiririko kamili, mkiwa mmechora ukubwa wa chumba kwa chaki sakafuni, kabla hata plaiwudi haijanunuliwa. Pia gawanya uchakavu wa miili katika ngazi tatu, kwa mfano A nguo safi na jasho kidogo, B midomo mikavu na shati limechanika, C wamekwisha, kisha andika herufi hiyo pembeni mwa kila tukio na upige picha ya kila mwigizaji kila siku. Kama chumba chako ni cha rangi moja, rekodi kwa mtiririko tu. Uchovu wa kweli hauna gharama.

Njia nyingine, inayofaa wenye waigizaji hodari wa papo kwa papo, ni ya James Ward Byrkit, aliyerekodi filamu ya Coherence, iliyotoka mwaka 2013, nyumbani kwake kwa usiku tano. Waigizaji hawakupewa mswada kamili, walipewa vikaratasi vya kila siku vyenye malengo ya mhusika wao peke yake, bila kujua wenzao wameandikiwa nini. Vijiti vya plastiki vya kung'aa gizani, vya bluu na vyekundu, ndivyo vilivyobeba sayansi yote ya filamu hiyo, kwa kutofautisha nyumba moja na nyumba nyingine inayofanana nayo. Mimi ningechukua njia hiyo kwa tukio moja au mawili tu, kwa kuwa filamu yenye sheria ya kuhesabika haivumilii maneno ya kubahatisha.

Hatua ya nane: Damu

Onyesha kifo kimoja vizuri, mapema, na vingine vyote visikike au vionekane kwenye nyuso za wanaotazama. Damu ya sukari, rangi ya chakula na kakao kidogo inaonekana vizuri kwenye kamera, ila ikilala usiku kwenye seti, asubuhi utakuta sisimizi wamejipanga hadi dirishani. Nilipoteza nusu siku kuwafagia. Ifutwe kila jioni kwa maji ya moto, na kuta zipakwe rangi ya mafuta ili zifutike.

Hatua ya tisa: Makaratasi

Kabla ya kurekodi Tanzania Bara, omba kibali cha Bodi ya Filamu. Kenya nako panahitajika leseni ya kurekodi. Wasilisha muhtasari unaosema wazi kwamba ni hadithi ya kubuni. Wape waigizaji mikataba ya maandishi hata kama malipo ni nauli na chakula, na eleza watapata nini filamu ikiuzwa. Chakula kisipunguzwe. Kikosi kinachofanya kazi ndani ya sanduku la joto kwa nusu siku hakitavumilia chai na andazi peke yake.

Hatua ya kumi: Hariri kwa kuuliza swali moja

Ukimaliza rasimu ya kwanza, alika watu watano ambao hawajausoma mswada, wasiwe ndugu wala wasanii. Simamisha filamu dakika ya thelathini na uwaombe kila mmoja aandike kwenye karatasi sheria ya chumba kwa sentensi moja, bila kushauriana. Wanne wakiandika sentensi ile ile, endelea. Wakiandika sentensi tano tofauti, usiongeze mazungumzo ya kueleza. Tafuta ni wapi jaribio la kwanza la sheria lilikuwa la haraka mno na ulipe nafasi, hata kama ni sekunde sita za mshale kushuka bila mtu kusema kitu. Kisha simamisha tena dakika kumi kabla ya mwisho na uulize nani anapaswa kutoka hai. Hapo majibu yatofautiane.

Kazi ya mwisho ni kukata. Rasimu yangu ya filamu ile ya ghala la mabati iliisha kwa mhusika kufungua mlango, kutoka nje, na kukutana na mtu anayemweleza kila kitu. Niliwaonyesha watazamaji wangu watano, na mmoja wao, fundi cherehani jirani yetu, akaniuliza kwa upole kwa nini yule bwana wa nje ameongea sana. Nikarudi mezani, nikakata mpaka pale mkono unaposhika kitasa, nikaacha sauti ya chumba kitupu iendelee juu ya giza kwa sekunde kumi.